Yule Anayelinda Nguo za Wengine

UKURASA WA JAMAA NA VIJANA



Mwezi huu tunataka kuzungumuza na ninyi juu ya michezo. Musiseme upesi: "Aa, michezo ni mambo ya watoto." Tafuteni kwanza jibu la ulizo hili.

Siku ya Mungu, jua likipungua, vijana wanakusanyika kiwanjani. Wanavua viatu na mashati, wanagawana ekipe mbili. Kando ya kiwanja kuna kijana mumoja anayekaa chini karibu na nguo. Kila siku ya Mungu ni yeye. Anajua majina ya wachezaji wote, anajua nani alifunga goli gani tangu mwaka jana, lakini mupira haujafika kwake hata siku moja. Muguu wake ulikauka tangu utoto, ao uliharibika siku shimo lilipobomoka. Nani alimupa kazi ile ya kulinda nguo? Hakuna mutu. Sisi wote tuliona tu kwamba inamufaa.

Na yeye ana bahati, kwa sababu amefika kiwanjani. Wako wengine ambao wanabaki nyumba ya nyuma, karibu na jiko, na mugeni akija wanaingizwa ndani. Wanasikia kelele ya goli kutoka mbali.

Ulizo letu ni hili: mutu huyu hawezi kucheza, ao ni sisi hatujui namna ya kucheza naye?

WAKO WENGI KARIBU NASI

Musidhani tunasema juu ya watu wawili watatu. Hapa kwetu kilema kinaingia kwa milango mingi. Kuna polio. Mugonjwa wa mwisho wa polio ya asili aliyeandikwa katika Kongo nzima alionekana hapa Maniema, mwezi wa Desemba 2011. Kisha, mwaka 2017, polio ya aina nyingine, ile inayotokea mahali ambapo watoto wengi hawakupata chanjo, ilionekana tena katika jimbo letu. Watoto wale leo ni vijana, wanakaa kalasi moja na watoto wenu.

Kuna pia mashimo. Ninyi wa Salamabila na Namoya hamuhitaji kuelezwa. Kijana anashuka asubuhi kutafuta zahabu akiwa na miguu miwili, jioni anapandishwa juu ya blanketi. Kuna vita na risasi zake. Kuna watoto waliozaliwa kwa shida, ao walioshikwa na malaria ya kichwa, wakabaki na mukono mugumu ao akili ya polepole. Kuna macho yaliyofungwa na masikio yaliyoziba.

Kijana aliyeumia shimoni, tunamuletea chakula, tunamuombea, tunamwambia pole. Ni vizuri. Lakini kisha miezi sita pole imekwisha, rafiki wamerudi kazini, naye anabaki na siku ndefu. Wengi wanaanza kunywa pombe kali. Mutu hafi kwa njaa tu. Anaweza kukauka pia kwa kukosa mutu wa kumungoja mahali fulani saa fulani. Muchezo unampa mutu jambo hilo: wenzake wanamungoja.

MUNGANGA ALIYELETA MISHALE

Tuone sasa namna jambo hili lilivyoanza katika dunia ya leo. Katika vita kuu ya pili, askari wengi waliumia uti wa mugongo, miguu ikafa. Wakati ule watu walisema: huyu atakufa tu, mumuache apumuzike. Na kweli walikufa, lakini kilichowaua ni vidonda vya kulala na ugonjwa wa mukojo.

Munganga mumoja Muyahudi, Ludwig Guttmann, alikuwa amekimbia Ujerumani mwaka 1939 na kufika Uingereza. Mwaka 1944 akapewa chumba cha wagonjwa hao katika lopitali ya Stoke Mandeville. Akaagiza wageuzwe kila saa mbili, usiku na muchana, ili vidonda visitoke. Halafu akawatoa kitandani na kuwachezesha. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, yeye alipanga katika kiwanja cha lopitali mashindano ya kutupa mishale. Washindani walikuwa 16, wanaume na wanawake, wote wamekaa katika viti vya magurudumu.

Watu 16 tu, na mishale. Lakini mwaka 1960 huko Roma walikuwa karibu 400, wametoka katika inchi 23. Ndiyo mwanzo wa michezo inayoitwa leo Paralimpiki. Inchi yetu ya Kongo iliingia mara ya kwanza mwaka 2012, London.

Angalieni vizuri kile Guttmann alichofanya. Hakungoja miguu ipone. Alitafuta muchezo ambao miguu si lazima, kwa maana mwenye kutupa mushale anatumia jicho, mukono na pumuzi. Hiyo ndiyo siri yote ya jambo hili, nasi tunaweza kuisema kwa maneno machache: usibadilishe mutu, badilisha sheria ya muchezo.

WASIO NA NGUVU YA MIGUU

Tuanze na volebol ya kuketi, kwa sababu haiombi feza nyingi. Wachezaji sita kila upande, wote wanakaa chini. Kiwanja ni kidogo: metre 10 kwa 6. Wavu unafungwa chini, metre 1 na santimetre 15 kwa wanaume, metre 1 na santimetre 5 kwa wanawake. Sheria kubwa ni moja: wakati unagusa mupira, matako yasiachane na udongo. Wanasogea kwa mikono. Jaribuni ninyi wenye miguu mizima! Kisha dakika kumi mutaomba maji, na yule aliyezoea kutambaa tangu utoto atawacheka.

Jirani zetu wa Rwanda walijifunza muchezo huu. Wanaume wao walicheza London mwaka 2012, na wanawake wao Rio mwaka 2016. Katika ekipe ya wanaume walikuwamo Dominique Bizimana na Jean Rukundo. Katika vita vya inchi yao walikuwa askari wa pande mbili, kila mumoja na bunduki yake, na kila mumoja alipoteza muguu. Baadaye wakakaa upande mumoja wa wavu, huyu anamuinulia mwenzake mupira. Tunajua uchungu ulioko kati ya inchi zetu, hatuufuniki. Lakini mufano huo hauna mupaka: waliopigana waliweza kupeana mupira.

Na futiboli? Iko pia. Futiboli ya waliokatwa muguu inachezwa na watu saba kila upande. Wachezaji sita wana muguu mumoja na wanakimbia kwa magongo. Mulinda goli ni mutu aliyekatwa mukono. Muguu wa bandia unavuliwa, na gongo haliruhusiwi kugusa mupira kwa kusudi. Nusu ya mechi ni dakika 25, na hakuna ofsaidi. Mwaka 2018, Kombe la Dunia la muchezo huu lilichukuliwa na Angola, ndiyo, jirani yetu Angola, inchi iliyojaa mabomu ya kufukiwa kisha vita vya miaka mingi. Mwaka 2022 Tanzania nayo ilifika Istanbul kucheza kombe hilo. Vijana hao hawakuzaliwa Ulaya. Wanasema Kireno na Kiswahili, na wanakula muhogo sawa sisi.

WASIOONA

"Lakini kipofu, atacheza namna gani?" Atacheza kwa masikio.

Chukueni mupira wa kawaida, muutie ndani ya mufuko wa plastiki, ule tunaouita sashe, mufunge vizuri. Mupira ukitembea unapiga kelele. Ao mutie vifuniko vya chupa ndani ya mupira wa matambara. Tayari munao mupira wa wasioona. Katika futiboli yao wako watu watano. Wane wanafungwa kitambaa machoni, hata yule anayeona kidogo, ili wote wawe sawa. Mulinda goli peke yake anaona. Anayekwenda kushika mupira lazima apaze sauti, asigonge mwenzake. Ninyi musema tu: "Nakuja!" Na watazamaji wanyamaze mpaka goli lifungwe. Kwa watazamaji wa kwetu, hiyo ndiyo sheria nguvu kuliko zote!

Kuna muchezo mwingine, golboli, uliotungwa mwaka 1946 kwa askari waliopofuka vitani. Watatu wanalala upande huu, watatu upande ule, mupira wenye kengele unatupwa chini kwa nguvu, nao wanauzuia kwa mwili. Unafaa chumba cha kalasi kilichoondolewa meza.

Na mbio? Musikilize habari ya Henry Wanyoike wa Kenya. Alikuwa fundi wa viatu na mukimbiaji. Mwaka 1995, akiwa kijana wa miaka kama ishirini, alipatwa na ugonjwa, na macho yakafungwa. Akakaa katika giza na huzuni, mpaka alipopelekwa mahali pa kujifunza kazi ya mikono, na kisha akarudi katika mbio, akiwa amefungwa kamba fupi na mutu anayeona. Mwaka 2000 alifika Sydney, katika mbio ya metre 5000. Musaidizi wake hakuwa na afya siku ile, nguvu zikamwishia njiani. Sasa kipofu ndiye aliyemuvuta mwenye macho mpaka mwisho, na alichukua medali ya zahabu. Kisha hapo alikimbia na Joseph Kibunja, rafiki yake wa utoto, na mwaka 2004 huko Athens akapata zahabu mbili.

Vijana, kamba ile ni urefu wa mukono tu. Rafiki mumoja na kamba moja, basi. Katika kijiji chako nani anaweza kuwa Kibunja?

WENYE AKILI YA POLEPOLE NA WENYE MWILI MUGUMU

Watoto hawa ndio wanaosahauliwa zaidi. Wengine wanawacheka, wengine wanasema wamerogwa. Kwao kuna muchezo unaoitwa bosia. Ni ndugu wa petanki, ambayo wazee wetu waliiona kwa wazungu. Mupira mudogo mweupe unatupwa mbele, kisha kila mutu anatupa yake ili ikaribie ule mweupe. Anayeshindwa kutupa anasukuma kwa muguu, ao anaitelemusha juu ya ubao uliolazwa. Machungwa mabichi yanatosha kujifunzia.

Mwaka 1968 huko Chicago, mama mumoja, Eunice Kennedy Shriver, alifungua mashindano ya watu wenye akili ya polepole, na leo yako katika inchi nyingi sana. Yeye alikuwa na dada mwenye shida hiyo. Alikataa kumwonea haya.

Tena, si kila mutu anapenda mupira. Huko Kinshasa watu waliopata polio, wanaotembea juu ya kinga za magurudumu matatu, walianzisha kundi la muziki, Staff Benda Bilili. Mwaka 2009 walitoa diski yao, mwaka 2010 sinema juu ya maisha yao ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, na wakapiga muziki wao katika inchi za mbali. Basi kwaya, ngoma, masanamu ya mbao, bao la kete, hadisi za jioni: vyote ni michezo ya kupumuzisha roho. Muulize mutu mwenyewe anapenda nini. Musimuchagulie.

WOGA WA WAZAZI

Tunasikia mama anasema: "Huyu akianguka, nani atamutunza?" Mama, neno lako ni la haki. Kwa hiyo mushike mambo haya:

1. Aliyeumia uti wa mugongo hasikii maumivu miguuni. Kila jioni mumuangalie ngozi, matako na visigino. Mukiona wekundu ao kidonda, apumuzike kwanza. Asikae juu ya udongo mukavu wala jiwe. Aweke mukeka na kitambaa kinene.

2. Wachezaji wanaotambaa wasafishiwe kiwanja: vijiti, chupa, misumari itoke. Magongo yafungwe mupira wa tairi kwa chini, yasiteleze.

3. Musicheze saa ya jua kali. Maji ya kunywa yawe karibu.

4. Mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na mto. Aliye na ugonjwa wa moyo ao kidonda cha mufupa aulize munganga kwanza.

5. Asiyetaka leo, asilazimishwe. Kesho atataka.

Na musiwafanye kuwa sinema. Kuna watu wanaokuja kutazama wenye kilema wakicheza, wanacheka ao wanalia machozi, wanatupa feza ndogo chini. Muchezaji hataki feza ya huruma. Akicheza vibaya, mumwambie amecheza vibaya! Akigusa mupira kwa gongo, mwamuzi apige filimbi. Hiyo ndiyo heshima.

Neno kwa ajili ya wasichana: binti mwenye kilema anafichwa mara mbili, kwa sababu ni binti na kwa sababu ana kilema. Musimusahau. Atafutiwe nguo inayofunika vizuri, mama mumoja awe karibu, naye aingie kiwanjani.

SHERIA INASEMA NINI

Wengine watadhani tunaomba huruma. Hapana. Katiba ya inchi yetu, katika sehemu ya 49, inasema kwamba wazee na watu wenye kilema wana haki ya kulindwa kwa namna inayofaa hali yao. Mwaka 2015 Kongo ilikubali mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu hao, na sehemu ya 30 ya mapatano inataja wazi michezo na mapumuziko. Halafu tarehe 3 Mei 2022 ilitoka sheria namba 22/003 ya kuwalinda na kuwaendeleza. Ukimwendea mwalimu mukubwa wa masomo kuomba kwamba mutoto asiachwe nje wakati wa mazoezi ya mwili, unaomba haki yake.

Tunajua, sheria iko mbali na barabara ya Kabambare. Vituo kama Heri Kwetu cha Bukavu na Shirika la Umoja cha Goma vilijulikana miaka mingi kwa kuunda miguu ya bandia na kusaidia waliopooza, lakini nani hapa ana feza ya safari, na njia iko salama siku gani? Kwa hiyo tunawaambia: musingoje kiti cha magurudumu kufika ndipo muanze. Kiti kikija, kitawakuta munacheza.

ANZENI MWEZI HUU

Ekipe ya vijana wa parokia inaweza kuanza siku ya Posho moja tu. Pimeni hatua kubwa kumi kwa sita. Chora mistari kwa majivu. Funga kamba kati ya miti miwili, juu kufika kifuani mwa mutu anayesimama, ao pungufu kidogo kwa watoto. Tandikeni mikeka. Kisha pigeni hodi nyumba kwa nyumba, katika nyumba za Wakristo na za jirani zetu Waislamu vilevile, kwa sababu polio haikuuliza dini ya mutu. Musiseme: "Tumekuja kusaidia kilema wenu." Museme: "Mama, tunapungukiwa muchezaji mumoja. Tunamuomba kaka yetu."

Na wote mukae chini. Wenye miguu mizima na wasio nayo, wagawanywe pande zote mbili. Siku ile mutaona jambo la ajabu: ukipita kwa mbali hutajua nani ni nani.

Nguo zitawekwa juu ya mti. Hazihitaji mulinzi.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA KATIKA JAMAA

1. Katika mtaa wetu, nani yuko nyumbani wakati wengine wanacheza? Tunajua jina lake?

2. Mucheso gani wa watoto wetu unaweza kubadilishwa sheria moja ili naye aingie?

3. Kijana aliyeumia shimoni mwaka huu, nani wa jamaa yetu atamutembelea juma hili, si na chakula tu, lakini na saa ya kumungoja kiwanjani?

Tuonane mwezi ujao. Mubaki na amani.